Ndugu Yako Amefia Kazini kwenye Reli ya Marekani: Jinsi ya Kudai Fidia Pale Daraja, Jukwaa au Jengo Lilipokuwa Bovu

Kila msiba wa aina hii unapotokea, maswali ni yale yale. "Kampuni si itatulipa tu?" "Wametuletea karatasi, tusaini?" "Mama yake yuko Uvira, Kongo, naye atapata?" "Wanasema hakufunga mkanda, basi ndiyo tumeshakosa?" Nimekuwa nikiyajibu kwa simu, usiku, vipande vipande, na mtu aliyefiwa hashiki vipande. Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio wa kufuatwa.

Mwongozo huu ni wa familia ya mfanyakazi wa kampuni ya reli nchini Marekani aliyekufa kwa sababu mahali pa kazi hapakuwa salama: daraja lisilo na kingo, mbao za kukanyagia zilizooza, ngazi ya karakana iliyokatika, jukwaa lililoporomoka, ukuta au nguzo iliyosogezwa mno karibu na njia ya treni. Kama marehemu alikuwa abiria, au aligongwa akivuka reli kwenye barabara, sheria ni nyingine kabisa na hatua hizi hazitakufaa. Mimi ni mkalimani ninayekaa na familia mbele ya mawakili. Si wakili, na wakili utamhitaji.

Nadharia ni fupi. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, Kenya kuna sheria ya mwaka 2007, na kote kuwili fidia hutolewa bila kuuliza nani alikosea. Wafanyakazi wengi wa Marekani nao wanalindwa hivyo na sheria za majimbo yao. Mfanyakazi wa reli hayumo. Yeye ana sheria yake ya mwaka 1908, inayoitwa FELA kwa kifupi, na hiyo inataka uonyeshe kwamba kampuni ilifanya uzembe. Ukishindwa kuonyesha, hupati hata senti. Lakini mzigo wenyewe ni mwepesi kuliko katika kesi za kawaida: mwaka 1957, katika kesi ya Rogers dhidi ya Missouri Pacific, Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo ya juu kuliko zote, ilisema inatosha uzembe wa mwajiri uwe umechangia kifo hata kwa sehemu ndogo kabisa. Mwaka 2011, katika kesi ya CSX dhidi ya McBride, ikarudia hivyo hivyo. Wala sheria haijaweka kikomo cha fidia.

Maana yake ni kwamba kesi hizi mara nyingi hazipotei mahakamani. Hupotea katika wiki za mwanzo, ubao uliooza ukishang'olewa na kutupwa huku familia ingali kwenye matanga.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha kifo, nakala kadhaa zilizothibitishwa, na ripoti ya uchunguzi wa maiti kama ulifanyika.
- Hati za mshahara za marehemu, angalau za mwaka mmoja, pamoja na fomu W-2 ya kodi.
- Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, wa mama yeyote.
- Simu yake. Usiifute, usiiuze, usimpe mdogo wake aitumie. Weka chaji na uifunge mahali salama.
- Nguo, viatu, kofia ya kazi na mkanda wa usalama kama vimerudishwa kwako. Usifue chochote.
- Majina na namba za wenzake wa zamu ile.
- Daftari moja. Kila mtu wa kampuni anayepiga simu au kufika nyumbani, andika jina lake, tarehe na alichosema.

Hatua ya 1: Usisaini na usirekodiwe

Ndani ya siku chache atakuja ofisa madai wa kampuni. Mara nyingi ni mtu mpole, atatoa pole, huenda akaahidi kusaidia gharama za mazishi. Mkaribishe, mpe chai. Lakini kazi yake ni kupunguza kile ambacho kampuni italipa, na sauti anayotaka kurekodi itachezwa siku moja mbele ya watu usiowajua.

Mwambie: "Tutazungumza kupitia wakili." Sentensi hiyo inatosha, na huhitaji kuieleza.

Onyo: FELA inabatilisha mkataba wowote uliotungwa ili kuikwepesha kampuni na dhima, kwa hiyo karatasi aliyosaini marehemu siku anaajiriwa, kwamba hatadai, haina nguvu. Familia nyingi husikia hilo na kudhani hata karatasi ya baada ya ajali haina nguvu. Sivyo. Makubaliano ya kumaliza madai kwa malipo yanakubalika kisheria. Mahakama Kuu ilishasema hivyo mwaka 1948 katika kesi ya Callen. Ukisaini kwa dola elfu kadhaa za mazishi, huenda umeuza kesi nzima.

Hatua ya 2: Hakikisha mwajiri hasa ni nani

Hapa watu wengi wetu huteleza, kwa sababu wengi huingia kwenye kazi za reli kupitia makandarasi: kupaka rangi madaraja, kubadilisha mataruma, kusafisha karakana. Aliyevaa kofia yenye nembo ya kampuni ya reli si lazima awe mwajiriwa wake.

Chukua hati ya mshahara uangalie makato. Ukiona Tier 1 na Tier 2, au herufi RRTA, alikuwa analipia pensheni ya wafanyakazi wa reli, na karibu hakika FELA inamhusu. Ukiona FICA au Social Security, yaani makato ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wa kawaida, huenda mwajiri ni mkandarasi. Hapo familia kwa kawaida hudai fidia ya kazi ya jimbo, na juu yake inaweza kuishtaki kampuni ya reli kama mwenye daraja, kwa sheria ya jimbo. Hata hivyo usikate tamaa na FELA mapema: kama wasimamizi wa reli ndio waliokuwa wakimpangia na kumwelekeza kazi kila siku, mahakama inaweza kumhesabu kuwa mfanyakazi wao. Mweleze wakili nani alikuwa anatoa amri, siyo tu nani alikuwa anatoa hundi.

Hatua ya 3: Zuia ushahidi usitoweke

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili.

Kampuni itatengeneza lile daraja, tena haraka, na ni haki yake. Ubaya ni kwamba kwa kawaida mahakama haziruhusu matengenezo yaliyofanywa baada ya ajali kutumiwa kuthibitisha uzembe wa kabla yake. Usipokuwa na picha ya hali ilivyokuwa, utabaki na daraja jipya linalong'aa.

Fanya haya:

a) Omba wenzake wakutumie picha na video walizonazo, za siku ile na za zamani. Picha ya mzaha ya miezi sita nyuma, marehemu akicheka juu ya daraja na nyuma yake waya wa kingo umelegea, ni ushahidi mzuri sana. Omba faili lenyewe lilivyopigwa, maana likipita WhatsApp hupoteza tarehe yake ya ndani.

b) Usiende mwenyewe kwenye reli kupiga picha. Utakuwa umevamia eneo la watu, na treni haiwezi kusimama ghafla. Kama daraja linaonekana kutoka barabara ya umma, piga kutoka hapo.

c) Wakili aandike barua ya kuitaka kampuni ihifadhi ushahidi, na itaje vitu kimoja kimoja: ubao uliovunjika, boliti, ngazi, mkanda wa usalama, kamera za injini ya treni, rekodi za redio, karatasi za maelekezo ya asubuhi ile. Barua inayosema tu "hifadhini kila kitu" ni rahisi kuizunguka. Hii ndiyo sababu ya kutomtafuta wakili baada ya arobaini. Mtafute wiki ya kwanza.

d) Kampuni inatakiwa kuripoti kifo cha mfanyakazi kwa serikali kuu. FRA, mamlaka ya usalama wa reli, huchunguza, na wakati mwingine NTSB, bodi ya uchunguzi wa ajali, huja pia. Fuatilia ripoti zao, lakini fahamu mpaka wake: sheria inakataza ripoti za ajali ambazo kampuni hupeleka serikalini zisitumike kwenye kesi ya fidia, na hitimisho la NTSB nalo halipokelewi mahakamani. Zisome ili ujue wapi pa kuchimba, kisha uthibitishe jambo lile lile kwa mashahidi na nyaraka nyingine.

Hatua ya 4: Onyesha kwamba walijua, au walipaswa kujua

Ubovu peke yake hautoshi. Lazima ionekane kampuni ilijua, au ingejua kama ingekagua inavyopaswa. Sehemu za kutafuta:

Rekodi za ukaguzi. Tangu mwaka 2010 kanuni za FRA zinataka kila daraja la reli likaguliwe angalau mara moja kila mwaka wa kalenda, na siku kati ya ukaguzi na ukaguzi zisizidi 540. Wakili ataziomba. Angalia kama kasoro ile ile imeandikwa ripoti hadi ripoti bila kutengenezwa. Hilo hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani.

Malalamiko ya wafanyakazi. Barua pepe kwa msimamizi, kumbukumbu za kamati ya usalama, ujumbe kwa kiongozi wa chama. Na simu ya marehemu: sauti aliyomtumia mkewe au kaka yake akilalamikia lile jukwaa. Familia hudhani mazungumzo ya Kiswahili au Kirundi hayana thamani mahakamani. Yatatafsiriwa na mfasiri anayekubalika, na jaji ataamua kama yapokelewe. Kazi yako ni kutoyafuta.

Kanuni iliyovunjwa. Mfano, kwa anayefanya kazi kwenye daraja la reli futi 12 au zaidi juu ya ardhi au maji, kanuni zinataka kinga ya kuanguka, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Hapa pana faida kubwa: kampuni ikiwa imevunja sheria au kanuni ya usalama na uvunjaji huo ukachangia kifo, kosa la marehemu halipunguzi fidia kabisa.

Kama hakuna kanuni mahususi iliyovunjwa, bado mwajiri ana wajibu wa kumpa mfanyakazi mahali salama kwa kadiri ya busara. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya Bailey, mfanyakazi wa reli huko Vermont. Alikuwa juu ya daraja jembamba akifungua milango ya chini ya behewa ili majivu ya makaa yamwagike, akaanguka, akafa. Juri, yaani raia wanaochaguliwa kusikiliza kesi, ilimpa ushindi mjane. Mahakama ya jimbo ikaufuta, Mahakama Kuu ikaurudisha: kama mahali pale palikuwa salama au la, ni swali la juri kuamua.

Hatua ya 5: Chagua wakili wa FELA hasa

Wakili wa uhamiaji aliyekusaidia vizuri na kadi ya kijani si wa kazi hii, na yule wa mabango ya ajali za magari mara nyingi naye siye. Vyama vya wafanyakazi wa reli vina orodha ya mawakili waliowateua kwa kesi za FELA. Kwa mafundi wa njia na madaraja chama ni BMWED. Kwa makondakta na madereva wa treni kuna SMART-TD na BLET. Piga simu kwa kiongozi wa tawi la marehemu.

Wengi hulipwa asilimia ya fidia mwishoni, bila malipo ya awali. Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: ni asilimia ngapi, gharama za wataalamu na safari zinakatwa kabla au baada ya asilimia hiyo, na tukishindwa nani anabeba gharama hizo. Jibu liwe kwenye maandishi.

Hatua ya 6: Pata msimamizi wa mirathi

Mjane hafungui kesi kwa jina lake tu kwa kuwa ni mjane. FELA inataka msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mirathi ya jimbo, na yeye ndiye mdai. Kikao cha ukoo hakitoshi, hata kama wazee wote wamekubaliana. Mjane anaweza kuomba yeye mwenyewe awe msimamizi.

Hatua ya 7: Panga wanufaika kwa ngazi za sheria

Ngazi ni tatu, na iliyo juu inaifunga iliyo chini:

1. Mjane au mgane pamoja na watoto.
2. Kama hao hawapo, wazazi.
3. Kama nao hawapo, ndugu wa karibu waliokuwa wakimtegemea.

Kwa hiyo mama wa Uvira, mwanawe akiacha mke au mtoto, hapati kitu kwa sheria hii, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akitumiwa pesa kila mwezi. Lisemeni mapema, nyumbani, kabla halijawa ugomvi. Mjane akipenda kumpa mkwewe sehemu ya fungu lake, hakuna anayemzuia. Pale wazazi wanapokuwa ndio wanufaika, kuishi nje ya Marekani au kutokuwa raia hakuwazuii: Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1914 katika kesi ya McGovern. Ila lazima waonyeshe hasara ya fedha, na hapo risiti za Western Union, M-Pesa na Sendwave zina kazi.

Nani ni mke na nani ni mtoto huamuliwa kwa sheria za majimbo. Ndoa ya mahari bila cheti inaweza kukubalika kama ilikuwa halali kule ilikofungwa, lakini tafuteni ushahidi: barua ya viongozi, picha, fomu za ukimbizi za kambi ya Nyarugusu zinazowataja kama mume na mke. Na rekebisheni mkanganyiko wa majina na tarehe mapema. Nusu ya watu waliopitia kambini wamezaliwa tarehe 1 Januari kwenye karatasi. Wakili wa kampuni asiyejua hilo atalifanya kuwa ugunduzi.

Hatua ya 8: Hesabu hasara inayodaiwa

Inadaiwa: mshahara ambao angeleta nyumbani hadi kustaafu, baada ya kuondoa kodi, marupurupu kama bima ya afya, kazi alizofanya nyumbani, malezi na mwongozo ambao watoto wamekosa, na maumivu aliyoyapata marehemu mwenyewe, kama alibaki na fahamu kwa muda kabla ya kufa. Haidaiwi: huzuni ya mjane, wala upweke wake. Ni sheria kavu, na kila mara ninapoitafsiri sehemu hiyo chumba hunyamaza. Afadhali uisikie hapa kuliko kwenye meza ya mapatano.

Sambamba na hayo, peleka maombi ya mafao kwa RRB, bodi ya pensheni ya reli. Kwa kawaida marehemu awe ametumikia reli miaka 10, au miaka 5 yote ikiwa baada ya 1995, na awe bado na uhusiano wa karibuni na kazi hiyo. Asipotimiza, michango yake huhamishiwa Social Security, nako uombe. Mafao haya hayategemei uzembe, na kuyapokea hakuvunji kesi.

Hatua ya 9: Fungua kesi ndani ya miaka 3

Miaka 3 tu. Mazungumzo na ofisa madai hayasimamishi saa, hata akikuandikia kila wiki kwamba "tunashughulikia". Usisubiri ripoti ya serikali pia. Kesi inaweza kufunguliwa mahakama ya jimbo au ya serikali kuu, na ukichagua ya jimbo, kampuni haina ruhusa ya kuihamishia ya serikali kuu. Lakini tangu kesi ya kampuni ya reli ya BNSF dhidi ya Tyrrell mwaka 2017, huwezi kushtaki jimbo lolote eti kwa sababu treni zao hupita pale. Chagua jimbo la ajali, au lile ambako kampuni iliundwa kisheria au ina makao makuu.

Mambo yakikwama

*"Kampuni inasema kosa ni lake, hakufunga mkanda."* Kosa lake hupunguza fidia kwa kiasi chake, haliifuti. Juri ikisema kosa lake ni asilimia 30, mnapata asilimia 70. Na tangu mwaka 1939 kampuni haiwezi kujitetea kwamba alijua hatari akaikubali. Uliza pia: palikuwa na mahali pa kuufungia huo mkanda?

*"Hakuna aliyeona."* Katika kesi ya Lavender dhidi ya Kurn, mwaka 1946, mfanyakazi alikutwa amezirai kando ya reli mjini Memphis, akafa kabla ya kufika hospitali. Familia ilidai alipigwa na ndoano ya behewa la barua, kampuni ikadai aliuawa na majambazi. Mahakama ya jimbo iliufuta ushindi wa familia, Mahakama Kuu ikaurudisha, kwa kuwa juri inaweza kufikia hitimisho kutokana na dalili zilizopo.

*"Daraja si la mwajiri wake, ni la kampuni nyingine ya reli."* Wajibu wa mahali salama humfuata mwajiri hata kwenye mali ya mwingine. Kesi ya Shenker ya mwaka 1963 ilihusu behewa bovu la kampuni nyingine, na mwajiri aliwajibishwa kwa kutolikagua. Huenda mwenye daraja naye akashtakiwa pembeni.

*"Wenzake wanaogopa kusema."* FELA inafanya kosa la jinai kumzuia au kumwadhibu mfanyakazi anayetoa kwa hiari habari za ajali kwa familia. Wengi hawalijui. Usiwasukume, wakili awaeleze.

*"Tulishasaini."* Mpelekee wakili karatasi hiyo leo. Kama mliisaini bila kuelewa lugha, au mliambiwa ni risiti ya mazishi, huenda ikapingwa, ingawa ni vita vigumu. Hundi ambayo hamjaitia benki, msiitie.

*"Mkalimani tuliyepewa hatuelewani."* Hutokea sana: familia ya Kivu inapewa mtu wa pwani, au kinyume chake, na kila mmoja anaona aibu kusema. Semeni pale pale, kabla shahidi hajaapishwa, na ombeni mwingine. Ushahidi ukishaandikwa kwa Kiingereza kibovu, unabaki hivyo kwenye jalada, na kuurekebisha baadaye humfanya shahidi aonekane amebadilisha maneno.